NG'OMBE WANGU, MTO WETU

Na Bwana Shamba

Je, unafuga ng'ombe wa maziwa? Je, shamba lako limepakana na mto au kijito? Kama ndivyo, habari hii inakuhusu. Kama huna ng'ombe, lakini unakunywa maji ya mto, habari hii inakuhusu pia. Isome polepole. Kisha msomee jirani yako.

Mimi ni Bwana Shamba. Kazi yangu ni kuwatembelea wakulima na wafugaji katika milima ya Usambara Mashariki, wilaya ya Muheza, mkoa wa Tanga. Huko ndiko unakoanzia Mto Zigi. Mto huu unatoka katika misitu ya Amani. Unapita kwenye mashamba ya chai, migomba, iliki na pilipili manga. Kisha unateremka mpaka Bwawa la Mabayani, lililojengwa mwaka 1978. Maji ya bwawa hilo husafishwa na kupelekwa kwa watu wa jiji la Tanga. Kwa hiyo maji yanayopita leo chini ya banda la ng'ombe huko milimani, baadaye yatakuwa katika kikombe cha mtu wa mjini.

Leo nataka kukueleza habari za mzee mmoja na mkewe. Sitataja majina yao wala kijiji chao. Lakini shida yao ni shida ya wafugaji wengi.

RANGI NYEKUNDU KWENYE MTI

Asubuhi moja mzee alinipigia simu. Alisema, "Bwana Shamba, njoo. Wametuwekea alama."

Nilipanda pikipiki nikaenda. Nilimkuta amekaa juu ya gogo, mbele ya banda lake. Mkewe alikuwa anakata majani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umeuona ule mti?"

Niliuona. Ulikuwa umepakwa rangi nyekundu.

Shamba la mzee huyu ni refu na jembamba. Upana wake ni meta 40. Urefu wake ni meta 150. Ukizidisha unapata meta za mraba 6,000, yaani karibu eka moja na nusu. Juu kuna nyumba na migomba. Katikati kuna mahindi na maharage. Chini, kando ya kijito kinachoingia Mto Zigi, kuna mabingobingo. Na huko huko chini, hatua kama ishirini kutoka kwenye maji, lilikuwapo banda la ng'ombe wake wawili wa maziwa.

Maofisa walikuwa wamekuja na kamba. Walipima meta 60 kutoka ukingo wa kijito. Walipoishia, wakapaka mti rangi. Walisema, "Kutoka hapa mpaka majini, pasilimwe wala pasifugwe." Kisha wakaenda zao.

Mama aliweka chini mundu wake. Alichukua kijiti, akaandika hesabu kwenye vumbi. Sitini mara arobaini. Jibu lilikuwa 2,400.

"Bwana Shamba," alisema, "eka moja ni kama meta za mraba 4,000. Hizi ni zaidi ya nusu eka. Katika eka moja na nusu, zaidi ya nusu eka imekwenda. Na siyo nusu eka yoyote. Ni ile yenye majani wakati wa kiangazi. Huku juu nyasi zikikauka, hawa ng'ombe wanakula majani ya kule chini. Sasa niwalishe nini? Rangi nyekundu?"

Mzee naye alikuwa na lake. "Tulitaka kununua mtamba wa tatu, ili kijana wetu aende chuo cha ufundi. Sasa hata hawa wawili sijui watakaa wapi. Watu wa mjini wanataka maji safi. Na sisi tunataka. Lakini mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Kuna wachimbaji wa dhahabu wanaochimbua vyanzo vya mto. Kuna mashamba makubwa. Mbona anayebanwa ni mimi mwenye ng'ombe wawili?"

Kisha akanitazama usoni. "Tena nikuulize. Nani aliniambia nijenge banda hapa?"

KOSA LANGU

Ndugu msomaji, aliyemwambia ni mimi.

Ilikuwa mwaka 2007. Nilikuwa kijana, nimetoka chuoni na cheti changu, na nilijiona najua kila kitu. Mzee alikuwa amepata mtamba wake wa kwanza. Aliniuliza ajenge banda wapi. Nilimwambia ajenge chini, karibu na maji. Nilisema hivyo ili mama asichoke kubeba ndoo. Tena nilimwambia kwamba atakapoosha banda, uchafu utateremka wenyewe na kwenda zake.

Uchafu ulikwenda kweli. Ulikwenda kijitoni kwa miaka mingi.

Wakati ule sheria ya meta 60 ilikuwa imekwisha kutungwa. Mimi sikuijua. Ndiyo maana siwezi kumlaumu mzee. Nilimwambia, "Mzee, kosa ni langu. Sasa tulitengeneze pamoja." Hakunijibu. Alisimama, akamwagia ng'ombe maji ya kunywa.

SHERIA INASEMA NINI

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa, bwawa au bahari. Inakataza pia shughuli zinazoweza kuharibu mazingira mahali hapo. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 nayo inalinda eneo hilo hilo la meta 60.

Unaweza kupima mwenyewe. Hatua ya kawaida ya mtu mzima ni kama robo tatu za meta. Kwa hiyo hatua 80 ni karibu meta 60. Anza kuhesabu kwenye ukingo wa mto, siyo katikati ya maji. Kama una kamba ya meta 20, ivute mara tatu.

Lakini mtu hawezi kuishika vizuri sheria asiyoijua sababu yake. Basi tuitazame sababu.

KINYESI KINA NINI NDANI YAKE

Mimea inakula kama sisi. Chakula chake kikubwa ni naitrojeni, fosforasi na potasiamu. Vyakula hivi ndivyo vilivyomo katika mbolea za chumvichumvi za dukani. Ndivyo vilivyomo pia katika kinyesi na mkojo wa ng'ombe.

Ng'ombe mmoja wa maziwa anatoa kinyesi kiasi cha kilo 20 hadi 30 kwa siku, na mkojo kiasi cha lita 10 hadi 15. Kwa makadirio, katika mwaka mzima kinyesi na mkojo wake vina naitrojeni kama kilo 50. Kiasi hicho kinategemea ukubwa wa ng'ombe na chakula anachokula.

Sasa linganisha. Mfuko wa urea wa kilo 50 una naitrojeni kilo 23. Kwa hiyo ng'ombe mmoja anatoa naitrojeni ya mifuko miwili ya urea kila mwaka. Ng'ombe wawili wanatoa ya mifuko minne. Wafugaji wengi wanaijali samadi na kuusahau mkojo. Hilo ni kosa. Karibu nusu ya naitrojeni hiyo, na pengine zaidi, imo katika mkojo.

Mzee alipoosha banda lake, alikuwa anamwaga mtoni mbolea yake mwenyewe. Wakati huo huo mahindi yake, hatua mia moja juu ya mlima, yalikuwa ya manjano kwa njaa.

MBOLEA IKIINGIA MAJINI

Utasema, "Kama mbolea ni chakula, mto utadhurikaje kwa kupewa chakula?"

Mbolea haichagui. Shambani inakuza mahindi. Majini inakuza utando wa kijani na magugu. Utando ukifa unaoza. Ukioza unamaliza hewa iliyomo majini. Samaki wanakosa hewa, wanakufa. Wenzetu wa Ziwa Victoria wanayajua mambo haya. Walianza kuyaona magugu maji ziwani mwao mwishoni mwa miaka ya 1980. Magugu yaliziba bandari na njia za wavuvi. Gugu lile lilitoka mbali, lakini lililolinenepesha ni mbolea na uchafu ulioingia ziwani kutoka mashambani na mijini.

Hatari ya pili ni kwa watoto wachanga. Naitrojeni ikiingia majini inageuka kuwa naitreti. Naitreti ikizidi, damu ya mtoto mchanga inashindwa kubeba hewa vizuri. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 za naitreti katika lita moja ya maji ya kunywa. Kuchemsha maji kunaua vijidudu, lakini hakuondoi naitreti.

Hatari ya tatu ni vijidudu vya kuhara, vinavyotoka katika kinyesi. Wazee wetu wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu walichimba vyoo, ili kinyesi cha binadamu kisifike majini. Leo tufanye vivyo hivyo kwa kinyesi cha ng'ombe.

Na ng'ombe mwenyewe hapati faida kwa kukaa kando ya mto. Kwenye majani yaliyolowa kuna konokono wadogo wanaobeba minyoo ya ini. Ng'ombe akila majani hayo anaambukizwa. Anakonda, na maziwa yanapungua.

Mzee alisikiliza yote hayo. Kisha akasema, "Lakini banda langu ni moja tu."

Ni kweli, banda ni moja. Lakini nilipanda na kuteremka kando ya kijito kile siku hiyo hiyo. Nilihesabu mabanda tisa. Haba na haba hujaza kibaba. Kila mfugaji anaona banda lake. Mto unayaona yote.

Kuna jambo jingine ambalo halikuwa geni kwa mzee na mkewe. Binti yao ameolewa katika kijiji cha chini. Anachota maji ya kijito hicho hicho. Mwaka ule mtoto wake alikuwa ameharisha mara mbili. Sikusema kwamba kuhara kule kulitoka katika banda la babu yake. Hakuna aliyeyapima maji, na kuhara kuna sababu nyingi. Lakini mama aliyatazama maji, kisha akalitazama banda. Akasema, "Tulihamishe."

WENZETU WA NCHI NYINGINE WALIFANYAJE

Usidhani kuwa ni sisi peke yetu tunaobanwa. Nchi zenye ng'ombe wengi wa maziwa zimepita njia hii.

Katika nchi za Umoja wa Ulaya, kuna sheria ya tangu mwaka 1991. Mahali ambapo maji yako hatarini, samadi inayowekwa shambani isiwe na naitrojeni zaidi ya kilo 170 kwa hekta moja kwa mwaka. Huko Uholanzi, nchi iliyosaidia sana ufugaji wa ng'ombe wa maziwa hapa Tanga tangu miaka ya 1980, wafugaji waliandamana kwa matrekta mwaka 2019, wakati serikali ilipotaka kupunguza naitrojeni. Walisema maneno kama ya mzee wetu: "Tutaishije?"

Huko New Zealand kuna ziwa kubwa liitwalo Taupo. Watu waliona kuwa naitrojeni ya mashamba ya mifugo inaingia ziwani. Kila shamba likawekewa kikomo. Wafugaji walilalamika kwamba hawataweza kuongeza mifugo, na kwamba ardhi yao itashuka thamani. Malalamiko yao hayakuwa ya bure. Basi serikali kuu, mkoa na wilaya zilichanga fedha za umma. Fedha hizo zilitumika kuwalipa wafugaji waliokubali kupunguza naitrojeni, au kununua ardhi yao. Shabaha ilikuwa kupunguza sehemu moja katika kila sehemu tano za naitrojeni iliyoweza kupunguzwa. Mikataba ya kutimiza shabaha hiyo ilikamilika mwaka 2015.

Tunajifunza mambo matatu. Kwanza, kikomo kinahitajika. Pili, kikomo kina gharama, na siyo haki gharama yote ibebwe na mfugaji. Tatu, tusitegemee kuona matunda kesho. Huko Taupo maji yanayopita chini ya ardhi yanachukua miaka mingi kufika ziwani. Uchafu wa jana bado uko njiani.

TUPIGE HESABU YA SHAMBA

Nilimwambia mzee, "Tukipime kikomo cha Ulaya hapa kwako. Siyo kwamba ni sheria yetu. Tukitumie kama kijiti cha kupimia."

Eka moja na nusu ni karibu hekta 0.6. Kilo 170 mara 0.6 ni kilo 102. Ng'ombe wawili wanatoa kilo 100. Kwa hiyo mzee na ng'ombe wake wawili tayari amefika ukingoni. Akinunua wa tatu, itakuwa kilo 150. Atakuwa amepita.

Mzee alishangaa. "Yaani mimi na Mzungu mwenye ng'ombe mia tuko sawa?"

Nilimjibu, "Kwa kila hekta, ndiyo. Yeye ana ng'ombe wengi na ardhi kubwa. Wewe una ng'ombe wachache na ardhi ndogo. Udongo hauhesabu ng'ombe. Unahesabu mbolea."

Tena tukiacha ile nusu eka ya kando ya kijito bila samadi, ardhi inayobaki ni kama hekta 0.36. Inaweza kupokea kilo 61 tu. Hiyo ni samadi ya ng'ombe mmoja na kidogo. Samadi iliyobaki lazima iende shamba la mtu mwingine.

Ndugu msomaji, nawe piga hesabu hii. Chukua eka zako unazoweka samadi. Zidisha kwa 68. Hicho ndicho kiasi cha kilo za naitrojeni ambacho kijiti kile kingekuruhusu. Kisha hesabu ng'ombe wako wakubwa, zidisha kwa 50. Kama namba ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza, samadi yako imezidi shamba lako. Itafute njia kabla haijajitafutia yenyewe kwenda mtoni.

TULIVYOFANYA

Kazi ilianza mwezi wa Januari, kabla ya mvua za masika. Majirani walikuja kusaidia kwa ujima. Haya ndiyo tuliyofanya, nawe unaweza kuyafuata.

1. Tulihamisha banda. Tulilijenga katikati ya shamba, meta 75 kutoka kwenye kijito. Mbao na mabati ya banda la zamani vilitumika tena. Saruji ndiyo iliyonunuliwa. Tulisakafia sakafu, ikiwa na mteremko kidogo, ili mkojo usituame.

2. Tulichimba shimo la mkojo. Upana wake ni meta moja na nusu, urefu meta moja na nusu, kina meta moja. Tulilisakafia ili mkojo usipenye ardhini. Linabeba lita 2,250. Ng'ombe wawili wanatoa kama lita 25 za mkojo kwa siku. Kwa hiyo linajaa kwa miezi mitatu, kama maji ya mvua hayaingii. Lakini usingoje lijae. Chota, changanya ndoo moja ya mkojo na ndoo mbili au tatu za maji, umwagie majani ya malisho. Usimwagie siku ambayo mvua kubwa inakuja. Na funika shimo, mtoto asije akatumbukia.

3. Tulijenga lundo la samadi. Liko juu ya ardhi iliyoshindiliwa, mbali na njia ya maji. Tunalifunika kwa majani ya migomba. Samadi isiyofunikwa inaoshwa na mvua, na nguvu yake inakwenda.

4. Tuliweka mifereji kwenye bati. Paa lina meta za mraba 30. Mvua ikinyesha milimeta 1,000, paa hilo linaweza kukupa kama lita 24,000. Ng'ombe wa maziwa anakunywa kama lita 50 kwa siku. Mzee alinunua simtanki moja la lita 2,000. Likijaa linawatosha ng'ombe wawili siku 20 bila mvua. Halitoshi kiangazi chote, lakini safari za mama za kijitoni zimepungua.

5. Tulipanda malisho mapya. Majani ya Guatemala na mabingobingo tuliyapanda kwenye kingo za makinga maji, katikati ya mahindi. Hapo yanashika udongo na kuzuia samadi isiteremke. Lusina tuliipanda kwenye mpaka kama ua. Majani yake yana protini nyingi. Mabua ya mahindi hayachomwi tena. Yanakatwakatwa, yanahifadhiwa kwa kiangazi.

6. Tulitafuta mahali pa samadi iliyozidi. Jirani ana pilipili manga na migomba, lakini hana ng'ombe. Anachukua samadi. Analipa kwa nyasi na magogo ya migomba. Mbolea inapanda mlima kwa toroli, badala ya kuteremka na maji.

MAMBO MAWILI YALIYOBAKI

Sitaki kukudanganya kwamba kila kitu kimekwisha. Mambo mawili bado.

La kwanza ni mabingobingo ya kando ya kijito. Yako palepale, na rangi nyekundu iko palepale. Mama anasema majani hayo yanashika ukingo. Halimi pale, anakata tu. Mimi naona kuna tofauti kubwa kati ya majani ya kudumu na mahindi yanayolimwa kila msimu. Lakini mimi siyo mwenye kuamua. Basi tulipeleka jambo hilo kwenye mkutano wa kijiji. Wafugaji wengine waliunga mkono. Serikali ya kijiji iliandika barua kwa Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, ambayo inasimamia pia Mto Zigi. Barua inauliza: je, mfugaji anaweza kuruhusiwa kukata majani ya kudumu ndani ya meta 60, bila kulima, bila kuweka mbolea na bila kuingiza ng'ombe? Wakati naandika habari hii, jibu lilikuwa bado linangojwa. Hili ndilo linalomnyima mama usingizi, kwa kuwa kiangazi hakingoji barua.

La pili ni gharama. Mzee aliuza ndama dume ili anunue saruji na simtanki. Fedha za mtamba wa tatu zimepungua. Kijana bado hajaenda chuoni. Mzee aliniambia, "Nimewatengenezea maji watu wa Tanga. Watu wa Tanga watanitengenezea nini?"

Ndugu msomaji, hilo ni swali la haki, na halikuanza kuulizwa leo. Wakulima wa bonde hili wana chama chao kiitwacho UWAMAKIZI, yaani Umoja wa Wakulima Wahifadhi Mazingira Kihuhwi Zigi. Umoja huo umefanya kazi pamoja na mamlaka ya maji ya Tanga katika kutunza vyanzo. Mwaka 2024 mamlaka hiyo iliuza hati fungani ya kijani ya zaidi ya shilingi bilioni 53, kwa ajili ya kupanua huduma ya maji na kutunza mazingira. Maana yake ni kwamba mjini wanajua kuwa maji yao yanaanzia kwetu milimani. Kazi yetu ni kuwakumbusha kwamba kutunza mazingira siyo kupanda miti tu. Ni pamoja na sakafu ya banda la mzee.

Lakini mtu mmoja akisema, sauti yake ni ndogo. Jiunge na wenzako katika kikundi cha wafugaji, au katika jumuiya ya watumia maji. Nendeni na hesabu zenu mkononi. Semeni: "Sisi tuna mabanda tisa. Yote yako ndani ya meta 60. Tuko tayari kuyahamisha. Sakafu na mashimo yatagharimu kiasi hiki. Sisi tutatoa mbao, mawe na nguvu zetu. Ninyi mtatoa nini?" Mtu anayekuja na hesabu husikilizwa kuliko anayekuja na malalamiko tu.

Na alama za rangi ziwe kwa wote. Mchimbaji wa dhahabu, mwenye shamba kubwa na mwenye ng'ombe wawili, wote wapimwe kwa kamba moja. Kamba ikiwa fupi kwa mmoja na ndefu kwa mwingine, hakuna atakayeiheshimu.

NILIPOKWENDA MARA YA MWISHO

Mvua za masika zilipokatika nilimtembelea tena mzee. Mahindi yake yalikuwa ya kijani kibichi mpaka majani ya chini. Mahali pa banda la zamani pameota nyasi. Binti yake alikuwa amekuja na mtoto wake, akimsaidia mama kukata lusina.

Mzee aliniuliza, "Bwana Shamba, barua imejibiwa?"

Nilimwambia, "Bado, mzee. Wiki ijayo nitakwenda kuifuatilia mwenyewe."

Akasema, "Nenda. Wewe ndiye uliyenijengesha pale chini."

Alicheka kidogo aliposema hivyo. Lakini najua hakuwa anatania tu.

KUMBUKA

- Pima hatua 80 kutoka ukingo wa mto kabla ya kujenga banda.
- Mkojo wa ng'ombe ni mbolea. Uchimbie shimo, usiumwage.
- Funika samadi. Mvua isiioshe.
- Usiweke samadi au urea siku ya mvua kubwa.
- Ng'ombe wawili walioshiba wana faida kuliko watatu wenye njaa.
- Samadi ikizidi, mpe au muuzie jirani.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Je, katika kijiji chenu kuna mabanda mangapi yaliyo ndani ya meta 60 kutoka kwenye mto?
2. Ng'ombe wako wanatoa naitrojeni ya mifuko mingapi ya urea kwa mwaka? Inakwenda wapi?
3. Nani anakunywa maji chini ya shamba lako? Nani anafuga juu yako?
4. Ni nani anayepaswa kusaidia gharama za kuhamisha banda? Mtamwendea lini, na kwa hesabu gani?

Samadi ikae shambani. Mto ubaki na maji yake.